Kwa nini stelingi wa Kihindi hutuelekezea uso

Swali la msomaji wetu wa Tanga: “Nimezitazama filamu za Kihindi tangu utotoni na mpaka leo ninazipenda. Mwanangu anasomea utengenezaji wa filamu chuoni, naye huniambia kwamba picha hizi hazina ufundi: watu wako mjini, mara wanaimba juu ya theluji, nguo zinabadilika katikati ya wimbo, kamera inaurukia uso wa mtu kana kwamba sisi hatuoni, na kila kitu kimezidishwa. Mimi naona mna maana ndani yake lakini siwezi kuieleza. Je, huu ni udhaifu wa watengenezaji, au ni mtindo wenye maana katika utamaduni wao?”

Jibu:

Dada yangu, huo ni mtindo, tena wenye nasaba ndefu, ingawa nitakuonesha mbele kidogo kwamba mwanao naye ana haki katika baadhi ya malalamiko yake. Yeye anapima kwa kipimo cha uhalisia, yaani sinema ambamo kamera hujificha, waigizaji hujifanya hawajui kwamba wanatazamwa, na mtazamaji huwa kama mtu anayechungulia maisha ya wengine. Sinema maarufu ya Kihindi (nazungumzia ile ya Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, wala si ya Kitamil, Kitelugu au Kibengali, ambazo zina historia zao) ilijengwa juu ya makubaliano mengine kati ya picha na hadhira yake. Picha inajua kwamba inatazamwa, na yenyewe humgeukia anayeitazama. Ukilishika hilo, mengi yanayoonekana kuwa makosa utayaona yamekaa mahali pake.

Asili ya makubaliano hayo ni ya zamani kuliko kamera. Mwaka 1894 mchoraji Raja Ravi Varma, mzaliwa wa Travancore kusini mwa India, alianzisha kiwanda cha kuchapa picha za rangi huko Bombay. Alikuwa amejifunza kutumia rangi za mafuta kwa mbinu za Ulaya, na kwa mbinu hizo aliwapa miungu wa Kihindu miili yenye uzito na kivuli, akamvika Lakshmi, mungu mke wa utajiri, sari, akamsimamisha juu ya ua la yungiyungi akiwa ameuelekeza uso wake kwa watu, kisha akamchapa na kumuuza kwa bei ambayo hata mtu wa kipato kidogo aliweza kuimudu. Picha za ukoo huo ndizo zinazoning'inia mpaka leo katika maduka ya Wahindi wa Afrika Mashariki, ukutani juu ya kaunta, mara nyingi zikiwa na kalenda chini yake. Dadasaheb Phalke, ambaye filamu yake Raja Harishchandra ya mwaka 1913 kwa kawaida huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya India, alisomea sanaa, akafanya kazi ya upigaji picha na uchapaji kabla ya kushika kamera ya sinema. Ameeleza mwenyewe kwamba siku alipotazama filamu ya maisha ya Yesu, akilini mwake waliokuwa wakipita ni miungu ya kwao, Krishna na Rama. Sinema ya India, kwa hiyo, ilizaliwa mikononi mwa mtu aliyeizoea picha inayowakabili watu.

Mlezi wa pili alikuwa jukwaa la Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi. Kampuni zao za maigizo zilizunguka miji ya India katika karne ya 19 zikichanganya hadithi za Kihindu na za Kiajemi, pamoja na Shakespeare, vichekesho, nyimbo, mapazia yaliyochorwa majumba na bustani, na mitambo ya kufanyia miujiza jukwaani. Mwigizaji alisogea mbele na kusema na hadhira, na wimbo ulipopendwa aliombwa aurudie. Alam Ara ya mwaka 1931, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, ilitokana na mchezo wa jukwaa hilo na ilikuwa na nyimbo saba. Mtu anayeuliza nyimbo ziliingiaje katika filamu za Kihindi ameligeuza swali juu chini, kwa sababu nyimbo na maigizo vilikuwa kitu kimoja kabla filamu haijapata sauti.

Sasa nije kwenye uso. Muumini wa Kihindu anapokwenda hekaluni, jambo kubwa linalompeleka ni kuonana na mungu wake: amwone, naye aonwe. Tendo hilo huitwa darshan, na baraka yake imo ndani ya kule kutazamana. Ndiyo maana macho ya sanamu hufunguliwa kwa ibada yake maalumu. Wataalamu wa sinema wamejadiliana kwa miaka mingi kuhusu kiasi ambacho mazoea hayo yameathiri skrini, na mimi si miongoni mwa wanaoeleza kila jambo la India kwa dini, hasa kwa kuwa waandishi, watunzi, waimbaji na waigizaji wengi waliojenga sinema hii walikuwa Waislamu. Lakini zipo nyakati ambazo ushahidi haupingiki. Mwaka 1975 filamu iitwayo Jai Santoshi Maa, iliyotengenezwa kwa gharama ndogo, ilipooneshwa, watazamaji walivua viatu kabla ya kuingia ukumbini, na mungu mke alipojitokeza kwenye skrini walimrushia maua na sarafu. Wewe wa Tanga hutashangaa sana, maana umeiona taarabu: mwimbaji anasimama akiwaelekea watu, mtu anainuka kitini kwenda kumtuza kwa sababu ubeti umemgusa yeye, au umemgusa mwingine ambaye yeye anataka aguswe, wala hakuna anayelalamika kwamba onesho limevunjika.

Mtindo huo hauhitaji mungu ili ufanye kazi. Litazame tena tukio moja la Kabhi Khushi Kabhie Gham ya mwaka 2001, ambayo bila shaka unayo nyumbani. Mama, anayeigizwa na Jaya Bachchan, amesimama ndani ya nyumba na sinia ya ibada mkononi. Mwanawe bado hajafika, hakuna aliyemwarifu, lakini anahisi kwamba yuko njiani, naye anakwenda mlangoni. Mwana huyo, Shah Rukh Khan, anakuja mbio uwanjani. Kwa saa ya ukutani tendo hilo lingechukua nukta chache. Filamu inalitanua, inatupa uso wa mama, mlango, uso wa mwana, tena uso wa mama, na kwaya nyuma yao. Mwanao akiuliza kwa nini wanachelewa hivyo kukutana, mjibu kwamba kukutana kwenyewe ndiyo habari, nayo haifanyiwi haraka. Kizingiti cha nyumba ndipo mwanamke wa Kihindu hupokea wageni, humkaribisha bibi arusi na humwombea anayesafiri, na kamera inapokaa pale haipotezi muda.

Hapa nimpe kijana haki yake. Katika miaka ya 1970, lenzi ya kuvuta picha karibu ilipokuwa mpya na tamu mikononi mwa wapiga picha, ilitumiwa hata pasipokuwa na sababu, na leo matukio mengine ya wakati ule huchekesha pale yalipokusudiwa kutisha. Hata hivyo, ule mtindo wa uso mmoja kurukiwa mara tatu mfululizo kwa kishindo cha ngoma ni zaidi wa tamthilia za televisheni zilizoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuliko wa sinema yenyewe. Wengi huvichanganya viwili hivyo, na sinema hubebeshwa lawama isiyo yake.

Kama ningepewa nafasi ya kumwonesha mwanao filamu moja tu, ningechagua Deewaar ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Yash Chopra na kuandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar. Ilitoka miezi michache kabla ya Waziri Mkuu Indira Gandhi kutangaza hali ya hatari, katika nchi iliyokuwa imechoshwa na migomo, ukosefu wa kazi na bei zisizoshikika. Baba, kiongozi wa wafanyakazi, analazimika kuusaliti mgomo kwa kuwa familia yake imetishiwa. Watu wenye hasira wanamkamata mwanawe mkubwa, Vijay, na kumchora mkononi maandishi yasiyofutika kwamba baba yake ni mwizi. Mama anawachukua watoto wake wawili hadi Bombay, wanalala chini ya daraja, na yeye anafanya kibarua kwenye majengo. Vijay, ambaye ni Amitabh Bachchan, anakuwa kuli bandarini, kisha mkubwa wa magendo. Mdogo wake Ravi, ambaye ni Shashi Kapoor, anakuwa polisi.

Angalia namna jicho linavyopewa kila kitu kabla ya sikio. Aibu ya ukoo imeandikwa juu ya ngozi, kwa hiyo kila mkono wa shati unapopandishwa kisa chote kinarudi bila neno. Ugomvi wa Vijay na Mungu umewekwa kwenye ngazi za hekalu: mama na Ravi wanapanda, yeye anabaki ameketi chini, kwanza akiwa mtoto, kisha akiwa mtu mzima, na ngazi hizo chache zinatosha kutuambia umbali uliopo. Beji yake ya ukuli ni namba 786, na msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa hesabu hiyo ya herufi za Bismillahi. Mzee Mwislamu wa bandarini anamweleza Vijay thamani yake, na baadaye beji hiyo inamkinga na risasi. Mhindu aliyegoma kuingia hekaluni analindwa na namba ya Waislamu. Hiyo ni hoja nzima kuhusu taifa la India, imesemwa kwa kipande cha chuma kifuani. Hata shati la buluu lililofungwa fundo kiunoni, ambalo vijana wa wakati ule waliliiga, ni sehemu ya lugha hiyo, ingawa Bachchan mwenyewe amewahi kueleza kwamba fundo lilitokana na shati kushonwa refu kupita kiasi.

Kisha ndugu wawili wanakutana chini ya daraja lile lile walilolala utotoni. Mkubwa anahesabu alivyo navyo: jengo, mali, fedha benki, jumba, gari; anamuuliza mdogo ana nini. Ravi anajibu kwamba yeye ana mama. Maneno hayo yamerudiwa na kutaniwa kote India kwa miaka hamsini, lakini nguvu yake haitoki kwenye maneno peke yake. Daraja linasema walikotoka, sare ya mmoja na suti ya mwingine zinasema walikofika, na mama ambaye hayupo mahali pale ndiye mizani. Vijay anakufa mikononi mwa mama yake, ndani ya hekalu aliloligomea kwa miaka mingi. Utaona kwamba mama katika sinema hii hubeba zaidi ya umama. Yeye ni sheria, ni ardhi, na mara nyingi ni nchi. Mehboob Khan alilisema hilo waziwazi mwaka 1957 katika Mother India, ambamo Nargis, akiwa mkulima aliyeachwa na mumewe, anampiga risasi mwanawe mpenzi kwa sababu amemteka msichana wa kijiji. Filamu hiyo inaanza na mwanamke mzee akiwa na bonge la udongo mikononi.

Nyimbo zinahitaji maelezo ya peke yake, kwa kuwa ndizo zinazomkera zaidi mgeni. Wimbo hutungwa na kurekodiwa kwanza, halafu mwigizaji hufuatisha kwa midomo mbele ya kamera. Tangu katikati ya miaka ya 1930, mbinu hiyo ilipoanza, sauti ziliachana na miili: Lata Mangeshkar, Asha Bhosle, Mohammed Rafi, Mukesh na Kishore Kumar waliimba kupitia vinywa vya mamia ya wahusika, na hadhira ilijua vizuri kwamba yule anayeonekana siye anayesikika. Hakuna aliyedanganywa. Uso mzuri uliletwa na mmoja, sauti nzuri na mwingine, maneno mazuri na mshairi ambaye mara nyingi alikuwa na jina lake kubwa katika Kiurdu, na mtazamaji alivipokea vyote vikiwa vimekutana.

Ndani ya hadithi, wimbo ni mahali panaporuhusu yasiyoruhusiwa. Filamu hizi zilikusudiwa kutazamwa na bibi, wazazi na watoto wakiwa safu moja ya viti, chini ya udhibiti wa serikali ambao ulianza wakati wa ukoloni na ukapangwa upya kwa sheria ya mwaka 1952. Kwa miongo mingi busu lilikwepwa. Wapenzi hawakuweza kusema mbele ya wakubwa wanachotaka kusema, na hivyo walikisema nje ya nyumba, nje ya mji, na mara nyingi nje ya mfululizo wa saa na siku. Ndiyo maana nguo hubadilika. Ubeti wa kwanza kwenye maua, wa pili jangwani, wa tatu chini ya mvua: hatuambiwi kwamba wapenzi wamesafiri, tunaambiwa kwamba hali ya mioyo yao ni moja popote utakapowaweka. Washairi wa kaskazini mwa India wana utanzu wa zamani ambao humpitisha mwanamke aliyeachwa peke yake katika miezi kumi na miwili, kila mwezi na sura yake ya mbingu na ya majonzi, na wimbo wa filamu ni mjukuu wake. Mvua, kwa mfano, si hali ya hewa tu. Raj Kapoor na Nargis chini ya mwavuli mmoja katika Shree 420 ya mwaka 1955 hawagusani sana, lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kutazama tukio lile akadhani ni habari za mvua.

Theluji ina historia ya kidunia zaidi. Miaka ya 1960 wapenzi wa filamu walipelekwa Kashmir, kwenye maziwa na miteremko yake. Ghasia zilipoanza huko mwaka 1989, upigaji picha ukawa hatari, na milima ya Uswisi, ambayo Yash Chopra alikuwa ameshaanza kuipenda, ikachukua nafasi. Uswisi ya filamu hizo haina Waswisi wengi, haina kazi wala kodi ya nyumba. Ni Kashmir iliyohamishwa. Mji wa Interlaken umeshamwekea Chopra sanamu, kwa shukrani za watalii aliowaleta.

Wimbo unaweza pia kuwa tendo la kisiasa, na mfano wake mkuu ni Mughal-e-Azam ya K. Asif, iliyotoka mwaka 1960. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Rangi ziliwekwa katika sehemu chache, mojawapo ikiwa dansi ya Anarkali katika Jumba la Vioo. Seti ya jumba hilo, yenye urefu wa futi 150, upana wa futi 80 na kimo cha futi 35, ilijengwa kwa takriban miaka miwili, na vioo vyake vilirudisha mwanga ndani ya lenzi kutoka kila upande mpaka mpiga picha R. D. Mathur na wenzake wakahangaika kutafuta njia ya kuupoza. Anarkali, anayeigizwa na Madhubala, ni mtumwa mchezaji aliyependwa na mwana wa mfalme Akbar. Anaimba mbele ya mfalme kwamba aliyependa hana sababu ya kuogopa. Anaongeza kwamba kwa kuwa hakuna pazia kati yake na Mungu, haoni kwa nini ajifunike mbele ya waja. Akbar anainua macho na kukuta dari nzima imejaa Anarkali, mamia yake, wote wakizunguka. Mtawala mwenye uwezo wa kuamuru nani aingie mbele ya macho yake na nani atoke amezingirwa na mtumwa mmoja, wala hawezi kumfukuza. Kijana wako akisema tukio hilo limezidishwa, atakuwa amesema kweli, na kuzidishwa huko ndiko kunakomshinda mfalme.

Kuhusu mavazi na rangi nitapita haraka, kwa sababu wewe unazijua kuliko unavyodhani. Sari nyeupe ya mjane, unga mwekundu kwenye mstari unaogawa nywele za mke, mkufu wa ndoa, shali begani mwa baba: hadhira husoma hayo papo hapo, na mwongozaji akitaka kutangaza kifo humfutia mwanamke wekundu wake bila kutuonesha maiti. Mbunifu Bhanu Athaiya, aliyekuja kuwa Mhindi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar kwa mavazi ya filamu Gandhi ya mwaka 1982, alianza kazi hiyo katika filamu za Bombay za miaka ya 1950.

Lakini lugha hii ya macho ina gharama, na mtu anayeipenda sinema hii asiifiche. Kwa miongo kadhaa wanawake waligawanywa mara mbili: mke mtarajiwa mwenye sari na macho ya chini, na mwanamke wa ukumbi wa starehe mwenye manyoya kichwani, glasi mkononi na jina la Kizungu. Helen, mzaliwa wa Burma aliyefika India akiwa mtoto wakati wa vita, alicheza sehemu ya pili kwa ustadi ambao uliwafunika mashujaa wa kike wengi, naye mara nyingi aliuawa kabla ya filamu kwisha kwa sababu hadithi haikujua pa kumweka. Hadhira ilipewa raha ya kumtazama, kisha ikapewa raha ya kumhukumu. Ngozi nyeupe ilifanywa kuwa uzuri wenyewe. Familia inayowakilisha “sisi sote” kwa kawaida ilikuwa ya Kihindu ya tabaka la juu na ya kaskazini. Mwislamu alipewa sehemu ya rafiki mwaminifu, mshairi au mwanamke wa mahadhi na huzuni, na watu wa tabaka za chini hawakuonekana sana isipokuwa kama watu wa kuhurumiwa. Picha inayomkabili mtazamaji ina uwezo mkubwa wa kumfundisha nani anastahili kutazamwa.

Kwenye suala la ufundi, mwanao amekosea, na hapa sioni haja ya kumbembeleza. Kampuni ya Bombay Talkies, iliyoanzishwa mwaka 1934 na Himansu Rai na Devika Rani, iliajiri Wajerumani, akiwemo mwongozaji Franz Osten na mpiga picha Josef Wirsching, ambao walileta ule ustadi wa kivuli na mwanga wa studio za kwao. Wirsching alibaki India. Alikufa mwaka 1967 akiwa bado kwenye kazi ya Pakeezah, filamu ya Kamal Amrohi ambayo ilikuja kutoka mwaka 1972. V. K. Murthy, mpiga picha wa mwongozaji Guru Dutt, alifanya kazi inayostahili kufundishwa katika chuo chochote. Katika Kaagaz Ke Phool ya mwaka 1959, filamu ya kwanza ya India ya skrini pana, kuna wimbo ambamo mwongozaji wa filamu na mwigizaji wake wamesimama ndani ya studio tupu, na nguzo moja ya mwanga inashuka kati yao kutoka darini. Murthy aliipata kwa kuakisi mwanga wa jua kwa vioo. Wawili hao hawasemi lolote, wala midomo yao haiufuatishi wimbo; sauti inatoka nje yao, na vivuli vyao vinatembea kuelekeana wakati miili imesimama. Watu wa 1959 hawakuipokea vizuri filamu hiyo, na Guru Dutt hakuandika tena jina lake kama mwongozaji.

Sura ya filamu hizi ilibadilika tena baada ya India kufungua uchumi wake mwaka 1991. Bombay ya daraja na bandari ilisukumwa pembeni na nyumba za kifahari, harusi za siku nyingi na Wahindi wa London. Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, ya Aditya Chopra, ilifanya jambo la werevu: ilimwonesha kijana wa Uingereza mwenye koti la ngozi ambaye anakataa kutoroka na msichana na kwenda kusubiri ruhusa ya baba yake katikati ya mashamba ya haradali ya Punjab. Nyumba ya familia katika Kabhi Khushi Kabhie Gham, ambayo hadithi inasema iko Delhi, ni kasri la Kiingereza liitwalo Waddesdon. Mimi binafsi naona kwamba kuanzia hapo mapambo yalianza kuzishinda hadithi. Hata Devdas ya Sanjay Leela Bhansali ya mwaka 2002, yenye vioo na vinara vya kutosha kuwasha mji, hunichosha macho kabla ya kuniumiza moyo. Wakati huohuo zilizuka filamu kama Satya ya mwaka 1998, zenye vichochoro vya kweli na maneno ya mitaani, na kumbi ndogo za miji mikubwa zikawapa watengenezaji wa aina hiyo hadhira isiyotegemea familia nzima. Leo mitindo yote miwili iko sokoni kwa pamoja.

Umesema una maana unayoiona lakini huwezi kuieleza. Hauko peke yako: filamu hizi zilipendwa na watu wengi wasiojua Kihindi, Urusi ya Kisovieti, kaskazini mwa Nigeria na pwani yetu, na sababu mojawapo ni hii ya kwamba picha yenyewe inazungumza. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji wazee wa Unguja kuhusu sinema za ujana wao, ameonesha jinsi Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 ilivyowagusa watu waliokuwa wakijadili ndoa za kuchaguliwa na mapenzi ya hiari yao. Baba anayemfukuza mke mjamzito kwa tuhuma, mwana anayekua mtaani, binti anayempenda bila kujali ukoo: hayo hayakuhitaji mkalimani. Mombasa, Juma Bhalo alizichukua tuni za filamu hizo na kuzitia mashairi ya Kiswahili, na wasikilizaji wake wengi waliziona kuwa zao.

Mkitaka kulimaliza shauri hili nyumbani, tazameni pamoja tukio la daraja la Deewaar mara mbili, mara ya pili mkiwa mmefunga sauti na maandishi ya tafsiri, kisha mwanao akuambie ni kiasi gani cha kisa alichokipoteza. Baada ya hapo mwekee wimbo wa studio wa Kaagaz Ke Phool na umwombe achore mahali vioo vya Murthy vilipowekwa. Kwa mwanafunzi wa filamu hilo ni zoezi la jioni nzima.